Mwalimu Aliyebaki

Siku hizi ukikaa na watu wa Masasi au Newala mazungumzo yakaangukia shule za serikali za mjini, maneno ni yale yale. Watoto wamejaa, walimu hawatoshi, matokeo hayaridhishi. Mzazi mwenye uwezo kidogo humpeleka mwanawe shule ya kulipia, akapande basi la njano asubuhi. Zile za serikali zimebakiwa na watoto wa vibarua wa korosho, wa mama lishe, wa waendesha bodaboda, na wale wanaolelewa na bibi zao kwa kuwa wazazi wamekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Mwisho wa mazungumzo mtu husema, "Wajenge madarasa mengine." Nami huwa nanyamaza. Si kwamba madarasa hayatakiwi. Nimefundisha na kuongoza shule kwa muda mrefu wa kutosha kuona madarasa mapya yakikosa mtu wa kusimama mbele ya ubao.

Katika makala hii nataka kuyatazama mambo haya kwa njia ya historia, maana wengi wetu tunazungumza kana kwamba shule ya mnyonge ni tatizo lililozaliwa jana. Hapa kwetu shule ilianza na mnyonge. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akapitia Lindi kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya vile vilima vya mawe, waliona mahali pazuri, wakakaa. Shule ya kwanza ya Masasi ilikuwa ya hao. Walikuwa watu wasio na ukoo mahali pale, wasio na shamba la mjomba wala kaburi la babu, na baadhi yao hawakujua hata kijiji walichoibiwa. Ukitafuta mwanafunzi asiye na kitu katika historia ya nchi hii, humpati aliyewapita wale.

Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Wangoni ambao huku tuliwaita Magwangwara waliishambulia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Sehemu ya kazi ikahamia Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao aliyewapokea wamisionari, na hapo akakaa Chauncy Maples, ambaye baadaye alipata kuwa askofu. Majengo ya Masasi yalikuwa majivu, lakini mafundisho hayakufa, kwa kuwa walikuwapo watu waliokuwa wameyachukua vichwani.

Mmoja wa watu wa namna hiyo alikuwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Kiungani huko Unguja na baadaye Canterbury nchini Uingereza. Mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza kuupata katika misheni ile. Kazi yake kubwa aliifanya Chiwata, mwendo wa siku moja tu kutoka Masasi, kwa karibu miaka kumi. Hakuwa na fedha wala jengo la kujivunia. Alikuwa na lugha ya watu, alikuwa na mkewe na watoto wake pale pale, na aliijua njia ya kila nyumba. Mtoto asipofika, mwalimu alijua kwa nini. Naomba msomaji aishike habari hii ya Chiwata, maana nitaitumia kama kipimo.

Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilifika. Misheni ya Masasi ikachomwa, na ile ya Wabenediktini ya Lukuledi ikaharibiwa, hata watawa wale wakaanza upya Ndanda mwaka 1906. Kisha ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914, na wapagazi, njaa na maradhi vikamaliza kilichobaki. Hata hivyo, katika miaka ya 1920 vijiji vingi vilikuwa tena na kibanda cha makuti, ubao mmoja, na mwalimu. Waingereza walipoitwaa nchi na kuanza kutoa ruzuku kwa shule za misheni, baada ya Tume ya Phelps-Stokes kuzuru Afrika Mashariki mwaka 1924, walizigawa shule mafungu mawili. Zilizotimiza masharti zilisajiliwa na kupata fedha. Zile za makuti zilibaki na posho ndogo ya misheni na ukarimu wa wanakijiji. Mtoto aliyesoma ya pili alikuwa na bahati ndogo ya kuvuka mchujo wa darasa la nne na kuingia shule ya kati. Tofauti ya shule ya mwenye nacho na ya asiye nacho, tunayoilalamikia leo mjini, ilikwisha kuandikwa katika vitabu vya hesabu vya wakati ule.

Jambo moja la miaka hiyo linastahili kukumbukwa. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alikuta kwamba msimu wa jando ukifika watoto wanaondoka, na wengine hawarudi. Wamisionari wengi mahali pengine walipiga marufuku. Yeye, pamoja na mapadri na walimu Waafrika waliozijua mila hizo kwa kuzipitia, aliitafutia jando nafasi ndani ya maisha ya Kikristo. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu, na ubishi huo siuingii. Ninalolichukua ni dogo. Haikuwezekana kufanya vile bila walimu wa hapa hapa, waliojua kalenda ya watu ambao watoto wao waliwafundisha. Hadi leo halmashauri zetu zinahimiza jando na unyago vifanyike wakati wa likizo, na shule inayofanikiwa katika hilo ni ile ambayo mwalimu wake anaweza kwenda kuketi barazani kwa wazee na kusikilizwa.

Nilipokuwa mwanafunzi, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, askofu wa Masasi alikuwa Trevor Huddleston, aliyefika mwaka 1960. Alitoka Uingereza, lakini jina lake alilipatia Sophiatown, mtaa wa watu weusi mjini Johannesburg. Serikali ya Afrika Kusini ilipitisha mwaka 1953 sheria ya kuzitwaa shule za Waafrika ili kuwafundisha watoto kazi ya utumishi tu. Shirika lake la kitawa likaona ni heri kuifunga shule yao ya St Peter's kuliko kuikabidhi. Hapa kwetu serikali nayo ilizitwaa shule za mashirika, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya Huddleston kuondoka Masasi. Tendo ni moja, kusudi ni mbalimbali: kule mlango ulifungwa, huku ulifunguliwa ili mtoto asiulizwe dini wala fedha za baba yake. Wanaosema leo kwamba serikali kushika shule ndilo kosa lenyewe wangefaa kuilinganisha miji hii miwili kabla ya kuhukumu.

Basi tukafungua mlango. Mwalimu Nyerere alikwisha kutoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Hapo kwanza ilikusudiwa kwamba kila mtoto apate nafasi ya shule ya msingi ifikapo mwaka 1989. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likasema hapana, iwe mwaka 1977. Watoto katika shule za msingi nchini walikuwa chini ya 1,600,000 mwaka 1975. Mwaka 1980 walizidi 3,000,000. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu kwa kasi hiyo hata vingefundisha usiku na mchana. Kwa hiyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba. Walifundisha saa chache chini ya uangalizi wa mwalimu mzoefu, wakasoma mchana kwa masomo ya posta na redio, na baada ya miaka mitatu wakaenda chuoni kwa wiki chache kumalizia. Zaidi ya 30,000 walipatikana kwa njia hiyo.

Waliitwa "walimu wa UPE", na jina hilo likawa la dharau. Hadi leo mtu akitaka kueleza kwa nini elimu ilianguka, huwataja wao. Mimi nilikuwa mwalimu kijana mwenye cheti wakati ule, na nilipewa wanne wa kuwasimamia. Nasema niliyoyaona. Walikuwa na upungufu, tena mkubwa: hesabu za sehemu ziliwasumbua, Kiingereza hawakuwa nacho. Lakini walikuwa watoto wa pale. Nyumba ya mama ilikuwa pale, shamba la mihogo lilikuwa pale, na kila mzazi aliyepita njiani alikuwa shangazi au mjomba wa mtu. Nani angetoroka kazini, aende wapi?

Na mkumbuke hali ya Newala. Uwanda wa Makonde ni mchanga unaomeza mvua. Maji yako mabondeni, chini kabisa. Mjerumani Karl Weule alipokaa Newala mwaka 1906 alilikuta tatizo hilo, na ingawa mradi wa maji wa Makonde ulianza wakati wa Mwingereza katika miaka ya 1950, mabomba yamekuwa yakitoa siku moja na kukauka nyingi. Mwalimu aliyepangwa kutoka mkoa wenye mito alishuka kwenye basi, akauliza maji yako wapi, akaonyeshwa bonde. Miezi mitatu baadaye alikuwa Mtwara anafuatilia uhamisho. Yule wa UPE alikuwa ameyachota maji hayo tangu utoto. Wawili kati ya wale wanne wangu walifundisha uwandani mpaka kustaafu, na mmoja wao ndiye aliyenionyesha namna bora niliyoijua ya kufundisha watoto kusoma, kwa herufi alizozichonga kwenye vipande vya mbao za mwembe.

Walichokosa ni kushikwa mkono. Katika miaka ya 1970 walikuwapo wakufunzi waliozunguka shuleni, chini ya mpango ulioitwa MTUU uliofanywa na serikali yetu pamoja na UNICEF na UNESCO. Mkufunzi alikuja, akaketi nyuma ya darasa, akatazama andalio la somo, akafundisha kipindi kimoja wewe ukitazama, mkazungumza. Mpango ulipokwisha na mafuta ya magari yakawa ya shida, hakuja mtu tena ila mkaguzi, naye mara moja kwa miaka mingi.

Kisha uchumi ukavunjika. Kulikuwa na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kulikuwa na bei ya mafuta, na kwetu kusini kulikuwa na korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaja juu ya hayo. Michango ya shule ikarudishwa katika miaka ya 1980, wakati ambapo mzazi hakuwa na cha kuuza. Uandikishaji uliokaribia asilimia 100 mwanzoni mwa miaka hiyo ulikuwa chini ya asilimia 80 katikati ya miaka ya 1990. Mshahara wa mwalimu haukumaliza wiki mbili. Kila shule ilikuwa na mwalimu anayeuza maandazi wakati wa mapumziko, na wanunuzi walikuwa wanafunzi wake. Sikuweza kumlaumu. Alikuwa amebaki, lakini nchi ilikuwa imemwacha peke yake.

Mlango ulifunguliwa mara ya pili na mtoto wa Lupaso, Masasi. Benjamin Mkapa akiwa Rais, ada ya shule za msingi iliondolewa, na MMEM ikaanza mwaka 2002. Wanafunzi wa shule za msingi nchini waliokuwa kiasi cha 4,400,000 mwaka 2000 walizidi 7,500,000 mwaka 2005. Fedha ziliingia katika akaunti ya shule yenyewe, chini ya kamati ya wazazi. Hilo lilikuwa jambo jema kuliko watu wanavyokumbuka. Palikuwa na shule ambazo hesabu ziliandikwa kwa chaki kwenye ubao wa nje: saruji mifuko kadhaa, bati kadhaa, fundi kiasi fulani. Mama asiyejua kusoma alimwita mwanawe amsomee. Katika shule hizo nondo hazikupotea.

Lakini walimu walipatikana tena kwa haraka: mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili kazini, na huko kazini mara nyingi hapakuwa na mtu wa kuwaelekeza. Zilipofuata shule za sekondari za kata, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na kupelekwa darasani. Wananchi, ambao hawakosi maneno, wakawaita "voda fasta". Hao walikuwa na upungufu wa walimu wa UPE bila ile sifa yao moja. Hawakuwa watu wa pale, hawakukusudia kubaki, na hakuna aliyewaomba wabaki. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalipotangazwa Februari 2013, yalionyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri. Serikali iliunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Kelele zilikuwa kubwa juu ya madaraja na maabara. Juu ya mwalimu aliyeondoka kimyakimya mwezi wa nne, hazikuwa kubwa.

Mlango ulifunguliwa mara ya tatu mwaka 2016, michango ilipoondolewa mpaka kidato cha nne. Mwaka 2021 fedha za mkopo wa wakati wa UVIKO zilijenga madarasa 15,000 nchini. Nimeyaona ya kwetu: yana vigae, madirisha ya vioo, viti na meza. Sibezi. Mtoto kuketi kwenye kiti ni heshima. Ila nimeona pia darasa zuri la aina hiyo, mjini, lenye watoto zaidi ya mia na mwalimu mmoja wa kike, kijana, ambaye kodi ya chumba inamla robo ya mshahara. Mwezi wa kumi, korosho zinapoanguka, theluthi ya watoto wake haionekani: wako mashambani na bibi zao wanaokota. Yeye hawajui bibi hao, maana alifika Januari. Januari ijayo atakuwa ameomba uhamisho.

Ndiyo maana nikiulizwa shule hizi za mji ziinuliwe vipi, nasema historia yetu imekwisha kujibu mara tatu. Kila tulipofungua mlango tulihesabu watoto, tukahesabu vyumba, tukaacha kuhesabu miaka ambayo mwalimu atakaa. Shule ya mtoto wa tajiri inaweza kustahimili mwalimu wa kupita, kwa kuwa nyumbani kuna taa, vitabu, na mtu wa kumfundisha jioni. Mtoto wa mama lishe hana mwalimu mwingine. Akiondoka yule mmoja, mwaka wa mtoto umeondoka naye, na watoto hawarudishiwi mwaka.

Kuna atakayeniambia kwamba mwalimu si mtawa, naye ana watoto, na hawezi kubaki kwa mapenzi. Ni kweli kabisa, na mimi siombi mapenzi. Mwalimu wa zamani hakubaki kwa mapenzi tu. Kijiji kilimpa kiwanja, kilimlimia ekari moja, kilimpa nafasi ya mbele kwenye shughuli. Hayo yalikuwa ni malipo. Leo kijiji kimekuwa mji na hakuna wa kumlimia mtu, kwa hiyo malipo hayo hayana budi kubadilika sura. Kabla ya darasa la kumi, ijengwe nyumba ya mwalimu yenye tangi la maji ya mvua. Halmashauri inayokusanya ushuru wa kila kilo ya korosho inaweza kutenga sehemu yake kwa kazi hiyo, tena iandikwe kwenye ubao wa nje kama zamani. Vijana wa Masasi na Newala wanaosomea ualimu wapangwe kwao kwanza. Mwalimu mzoefu apunguziwe vipindi ili amshike mkono mgeni kwa miaka miwili ya mwanzo. Na miezi ya korosho uji upikwe shuleni, maana mtoto anayejua atakula huacha kuokota mapema.

Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni geni. Uji tumewahi kupika, nyumba tumewahi kujenga, mkufunzi wa kuketi nyuma ya darasa tumewahi kuwa naye. Tangu nistaafu nimekuwa nikiwashauri wajumbe wa kamati za shule wafanye jambo moja rahisi kabla ya kuomba fedha zozote: wachukue daftari waandike jina la kila mwalimu na mwaka aliofika. Katika shule moja ya mjini tuliandika majina 19, na waliozidi miaka mitano walikuwa watatu. Mwenyekiti wa kamati, fundi baiskeli, alilitazama daftari kwa muda, kisha akaniuliza kama wale watatu wana nyumba. Wawili hawakuwa nazo. Kikao kile kilikuwa kimeitishwa kuzungumzia uzio wa shule. Tukamaliza tukizungumzia tofali za nyumba.